Mmea mgeni, jembe lisubiri wiki tatu

Ndugu Mhariri,

Kuna sentensi moja ambayo makala za bustani haziachi kuirudia: "Mwagilia mara mbili kwa wiki." Imeandikwa kwenye vibandiko vya vyungu, na muuzaji mwenye haraka humtajia mnunuzi huku akimfungia mfuko. Sisi tunaootesha mimea ya vyunguni tunaomba nafasi ya kuipinga, kwa sababu anayeitii ndiye hasa anayepoteza mmea. Wiki ya pili majani ya chini yanageuka njano, ya tatu yanapukutika, ya nne shina limelegea. Kisha mtu huyo anaambiwa hana mkono wa kuotesha. Mkono hauna kosa. Mengi kati ya yanayoua mmea mpya yalianzia kitaluni na njiani, na yaliyobaki hutendwa nyumbani katika siku kumi za kwanza, kwa nia njema kabisa.

Tuanze na mwanga, maana hapo ndipo macho yanapotudanganya. Jua la mchana lisilo na wingu hutoa takriban lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Chini ya neti ya kivuli inayozuia nusu hadi robo tatu ya jua, mmea bado hupata kati ya 25,000 na 50,000. Ulete sasa ndani ya nyumba. Ukiwa umegusa dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, unapata elfu moja, pengine elfu chache. Usogeze mita mbili au tatu kuelekea katikati ya chumba na mara nyingi utashuka chini ya 500, na kwenye kona ya ukumbi hata 100 hazifiki. Sisi hatuoni tofauti hiyo kwa sababu mboni ya jicho hutanuka na chumba kikaonekana kina mwanga wa kutosha. Mmea hauna mboni ya kutanua.

Tena jani lililokulia kwenye mwanga mkali limejengwa kwa mwanga huo. Ni nene, tabaka zake za seli ni nyingi, na kwa kuwa linapumua usiku na mchana, hutumia sukari nyingi ili liendelee kuishi. Kila mmea una kiwango cha mwanga ambacho sukari inayotengenezwa inalingana na inayotumika. Chini ya kiwango hicho unakula akiba. Akiba ikipungua, unaacha majani usiyomudu kuyalisha, ukianzia na yale ya zamani yaliyo chini au ndani ya kichaka, kisha unatoa mapya yaliyo membamba na mapana zaidi, yanayoridhika na mwanga kidogo. Ficus benjamina ndiyo maarufu zaidi kwa tabia hii: huweza kumwaga nusu ya majani yake ndani ya mwezi mmoja na isife. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, katika kituo chao cha Apopka, walilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1970. Walionyesha kwamba mimea ya majani ikiwekwa kwenye kivuli kizito na kupunguziwa mbolea kabla ya kuuzwa, hupukutika kidogo zaidi inapofika ndani ya nyumba. Dawa inajulikana, basi, ila inakula wiki nyingi na nafasi kitaluni, na si kila mkulima anaivumilia gharama hiyo. Isipofanywa huko, mnunuzi ndiye anayeikamilisha sebuleni bila kujua.

Kwa hiyo siku ya kwanza chagua mahali pa kudumu, karibu kabisa na dirisha linaloona sehemu kubwa ya anga, na mmea ukae hapo. Kuuhamisha kila majani yanapoanguka ni kuuanzishia safari upya. Kupima mwanga si lazima uwe na kifaa: saa sita mchana tandaza karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mmea, nyosha mkono sentimita 30 juu yake, utazame kivuli. Chenye kingo kali maana yake mwanga ni mwingi. Chenye kingo zilizofifia lakini vidole vinahesabika kinatosha kwa mimea mingi ya majani. Kama huoni vidole, hapo weka picha ukutani, usiweke mmea. Majani yakipukutika kwa wiki mbili hadi sita huku ncha za matawi zikiwa ngumu na za kijani, usiogope. Mwenye wasiwasi akwangue gome la tawi kwa ukucha: likiwa la kijani na lenye unyevu chini yake, tawi ni hai.

Kosa la kinyume lipo pia. Mmea uliokaa kivulini ukipelekwa juani siku hiyo hiyo huungua, na alama zake ni mabaka meupe yanayokuja kuwa ya kahawia na kukauka kama karatasi. Baka hilo haliponi. Uzoeshwe kwa siku 10 hadi 14: saa moja ya jua la asubuhi, kisha ongeza saa moja kila baada ya siku moja au mbili. Hata dungusi na mshubiri, ambazo watu hudhani ni za jangwani na haziwezi kuungua, zitaungua kama zimetoka kwenye rafu ya duka.

Sasa maji, ambayo ndiyo kiini cha barua hii.

Udongo ulio ndani ya kopo la kitalu kwa kawaida si udongo. Ni piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu, au ni vumbi la makumbi ya nazi, au mchanganyiko wa hivyo viwili. Mkulima huvipenda kwa sababu ni vyepesi kusafirisha na vinashika maji mengi. Kitaluni, palipo na joto, upepo na mwanga mwingi, mmea hunywa haraka na kopo huweza kuhitaji maji kila siku. Ndani ya nyumba mwanga umeshuka mara kumi au zaidi, na mmea umepunguza unywaji wake. Kopo lile lile lililokauka kwa siku moja sasa linaweza kukaa na unyevu wiki nzima au zaidi. Ratiba ya "mara mbili kwa wiki" haijui lolote kuhusu hilo. Haijui kama chungu ni cha plastiki au cha udongo wa kuchoma unaopitisha hewa, haijui ukubwa wa majani, haijui kama ni msimu wa joto au wa mawingu.

Mizizi hupumua oksijeni iliyo kwenye nafasi za hewa katikati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji muda wote, mizizi hukosa pumzi, ncha zake hufa, na vimelea vya kuozesha mizizi kama Pythium na Phytophthora hupata mlango. Mzizi uliokufa hauvuti maji. Ndiyo maana mmea uliozama hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, na mwenye nyumba, akiuona umeinamisha majani, anauongeza maji mengine. Tukipewa sentensi moja tu ya kuandika mahali pa ile tunayoipinga, tungeandika hivi: mmea ulionyauka juu ya udongo mbichi usiumwagilie.

Kagua, basi, kabla ya kumwaga. Ingiza kidole sentimita 3 hadi 5. Kwa mimea mingi ya majani, ukihisi pakavu hapo, mwagilia. Kwa dungusi, mshubiri, Sansevieria na jamii zao, subiri chungu chote kikauke mpaka chini. Kwa kangaga, usiache sehemu ya juu ikauke kupita kiasi. Njia iliyo bora kuliko kidole ni uzito: nyanyua chungu mara tu baada ya kumwagilia, kinyanyue tena siku za mbele, na ndani ya wiki mbili mkono utakuwa umejifunza tofauti. Ukimwagilia, mwagilia kweli. Zungusha maji polepole juu ya udongo wote hadi sehemu ya kumi au ya tano ya uliyomwaga itoke chini, subiri nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kikombe kidogo kila siku hulowesha juu tu: mizizi ya chini inakauka huku shina limezungukwa na tope.

Piti ina ujanja wake. Ikikauka kabisa hukataa maji. Hujikunja na kuachana na ukuta wa chungu, na unapomwagilia, maji hupita kwenye ufa huo na kutoka chini kwa sekunde chache. Mwenye mmea huona kisahani kimejaa, anaamini kazi imekwisha, na ndani pamebaki pakavu. Dalili ni chungu kuwa chepesi hata baada ya kumwagilia. Kitumbukize kwenye beseni lenye maji yanayofika karibu na ukingo wake, kikae dakika 20 hadi 30 mpaka mapovu yakome, kitoe kichuruze. Makumbi ya nazi hayana ukaidi huo, ila yana udanganyifu mwingine: juu huonekana makavu wakati chini bado yamelowa.

Kuna chungu cha urembo kisicho na tundu, ambacho duka hutumbukizia kopo la plastiki ndani yake. Maji yanajikusanya humo chini yasionekane, na mizizi inayagusa usiku na mchana. Toa kopo kila unapomwagilia, au usiwe na chungu hicho. Kutoboa ni bora kuliko kuweka kokoto chini, desturi ambayo haitaki kufa. Maji hayashuki kwa wepesi kutoka kwenye udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Husimama juu ya tabaka la kokoto mpaka udongo ushibe kabisa. Kokoto zinapandisha tope karibu na mizizi, tena zinapunguza udongo.

Yaliyofichwa ndani ya chungu nayo yanastahili kuangaliwa. Hakikisha udongo haujalowa sana, shika shina kwa vidole viwili, geuza chungu, uvute taratibu. Mara nyingi katikati ya mizizi utakuta kikapu kidogo cha plastiki au kifuko cha kitambaa laini, pale mche ulipoanzia maisha. Mizizi hupita kwenye vitundu vyake, inanenepa, kisha inajinyonga. Kama mmea una nguvu na unajiandaa kuuhamishia chungu kipya, kikate kwa mkasi mdogo pande mbili au tatu na utoe vipande vinavyokubali kutoka. Usivute kwa nguvu kile kilichoshikwa. Okidi aina ya Phalaenopsis huwa na donge la kuvumwani (sphagnum) lililobanwa katikati ya mizizi, na hilo hubaki limelowa hata vipande vya magome ilimopandwa vikiwa vimekauka pembeni. Okidi nyingi huozea hapo.

Chungu kimoja, tena, si lazima kiwe na mmea mmoja. Ili kionekane kimejaa, hupandwa vipandikizi vitano au sita vya pothosi, vinne vya waridi dogo, na kwa rehani, lile jani la kiungo, mbegu nyingi hivi kwamba miche ishirini hugombea kopo la sentimita 10. Rehani ya namna hiyo haiwezi kudumu kwa utunzaji wowote. Igawe donge lake mara nne kwa mkono, kila fungu lipate chungu chake cha sentimita 12, punguza theluthi ya urefu wa matawi juu tu ya jozi ya majani, ukae nayo kwenye kivuli chepesi siku tatu au nne kabla ya kuirudisha kwenye mwanga mkali. Vipandikizi vya waridi vinaweza kutenganishwa pia, ila baada ya maua kwisha.

Dungusi huja na vijiwe vilivyogandishwa kwa gundi juu ya udongo, na wakati mwingine na ua bandia lililobandikwa kichwani. Gundi huzuia maji kuingia na hewa kutoka. Loweka tabaka hilo kwa maji ya uvuguvugu, livunje kwa ncha ya kijiko, litupe. Ua bandia liache lidondoke lenyewe kama kulivuta kutachuna ngozi. Ni jambo dogo, lakini linatuudhi.

Wengine hushangaa krisanthemamu au Kalanchoe iliyonunuliwa ikiwa fupi na imejaa inaporefuka na kulala baada ya miezi michache. Hazijaugua. Vitaluni hupewa dawa za kudumaza kimo, kama paklobutrazoli na daminozaidi, na nguvu ya dawa ikiisha mmea unarudi kwenye kimo chake. Kata ncha za matawi, upe mwanga zaidi, basi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mmea jembe, yaani kuuhamishia chungu kipya, lisubiri wiki tatu. Mmea ambao umepoteza mwanga na unyevu wa hewa kwa mara moja hauna nguvu ya kuotesha mizizi mipya baada ya kuvurugwa, na kila uhamisho hukata nywele za mizizi zinazovuta maji. Uache uzoee kwanza. Yapo mambo manne tu yanayoturuhusu kuvunja kanuni hiyo: mizizi inanuka uvundo, udongo haukauki hata baada ya siku kumi, donge lina wadudu, au ni mmea wa jangwani uliopandwa kwenye piti tupu.

Muda ukifika, chungu kipya kisizidi cha zamani kwa zaidi ya sentimita 3 hadi 5 za kipenyo. Chungu kikubwa hakiukuzi mmea mdogo haraka. Kinauzungushia udongo usio na mizizi ya kuunyonya, na udongo huo hukaa umelowa. Kama mizizi imejizungusha kama kamba ukutani mwa donge, ifumue kwa vidole, na ile migumu ikate wima sehemu tatu au nne kwa kina cha sentimita moja. Panda kwa kimo kile kile cha zamani, maana shina likifukiwa zaidi huoza. Mchanganyiko unaofaa mimea mingi ya majani ni sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyosuuzwa chumvi, sehemu moja ya mboji iliyoiva na kuchekechwa, na sehemu moja ya perlaiti au pumisi, ambazo ni chembe nyepesi za mawe ya volkeno, au mchanga wa chenga kubwa. Kwa dungusi na wenzake, nusu nzima iwe chenga. Udongo wa shambani peke yake hushindiliana ndani ya chungu kidogo na kukaa kama tofali.

Mbolea nayo isubiri, tena zaidi, wiki sita hadi nane. Mmea umetoka mahali ambapo ulilishwa kila siku kupitia maji ya umwagiliaji, na mara nyingi udongo umechanganywa na chembe za mviringo za njano, kijani au kahawia. Hayo si mayai ya wadudu, ingawa kila mwaka kuna watu wanaoyapasua moja moja kwa bidii. Ni mbolea inayojiachia polepole kwa miezi. Ukiongeza nyingine mmea ukiwa hauoti, chumvi hujikusanya, ncha za majani zinakauka na utando mweupe unatokea juu ya udongo. Osha: chungu cha lita mbili kipitishie lita nne za maji safi, kwa mafungu, kila fungu likichuruzika kabla ya jingine. Ncha zilizokauka za Dracaena na Chlorophytum zinaweza pia kusababishwa na floridi iliyo kwenye maji ya bomba. Kuyalaza maji usiku kucha huondoa klorini, floridi haiondoki. Kwa mimea hiyo maji ya mvua ndiyo suluhisho.

Kuhusu hewa kavu, kunyunyizia majani maji ya chupa ni burudani ya mnyunyizaji. Unyevu huo hutoweka ndani ya dakika chache. Kuikusanya mimea karibu karibu husaidia zaidi, na kuiondoa mbele ya kiyoyozi au kipasha joto husaidia kuliko yote.

Sasa wadudu. Mmea mpya utengwe na mingine kwa wiki mbili hadi tatu, hata ukionekana msafi kama sahani. Mayai ya utitiri mwekundu hayaonekani kwa jicho la haraka, na kwenye joto kizazi kizima hukamilika ndani ya wiki moja hivi. Kila siku tatu geuza majani uangalie chini yake, kwenye makwapa ya vikonyo, na kwenye ukingo wa chini wa chungu. Pamba nyeupe kwenye makwapa ni vidung'ata. Vigamba vya kahawia visivyosogea kwenye shina ni vidugamba. Vumbi la manjano juu ya jani lenye utando mwembamba chini ni utitiri. Tikisa mmea, vikiruka vidoa vyeupe, ni nzi weupe. Vidung'ata na vidugamba vichache vifute kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70. Kwa walio wengi, changanya mililita 5 za sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji, nyunyiza jioni pande zote za majani, rudia kila baada ya siku tano hadi saba mara tatu. Marudio ndiyo dawa yenyewe: sabuni huua aliyeguswa, haigusi yai. Jaribu kwanza jani moja usubiri siku moja, na sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, inaunguza. Vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo huzaliana kwenye tope. Sentimita tatu za juu zikiachwa zikauke kila mara kabla ya kumwagilia, hupungua.

Na kama umeshachelewa, shina limelegea na udongo unanuka? Toa mmea, osha mizizi chini ya maji yanayotiririka, uitazame. Iliyo hai ni migumu, nyeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, laini, na ukiivuta ganda huteleza na kubakiza uzi mwembamba. Tahadhari: mizizi ya Dracaena ni ya rangi ya machungwa ikiwa na afya kamili, na wengi wameikata kwa kosa hilo. Futa kisu kwa spiriti, kata kila kilichooza hadi ufike kwenye nyama safi, futa kisu tena baada ya kila mmea. Mizizi ikipungua nusu, majani nayo yapunguzwe theluthi hadi nusu, kwa sababu mizizi iliyobaki haiwezi kuyanywesha yote. Udongo wa zamani utupe. Chungu kioshwe kwa sabuni, na kiwe kidogo: kilingane na mizizi iliyobaki, kikiacha sentimita moja au mbili pembeni. Panda kwenye makumbi na perlaiti nusu kwa nusu, bila mboji, bila mbolea. Lowesha mara moja, kichuruze, kisha weka penye mwanga mwingi usio na jua la moja kwa moja. Ukifunikwa kwa mfuko angavu wenye matundu kwa wiki mbili, majani hupoteza maji kidogo wakati mizizi inajijenga. Usimwagilie tena mpaka kidole kikuambie. Dungusi na mimea mingine yenye maji mengi mwilini haifunikwi hivyo. Ikishakatwa iache kwenye hewa kavu siku tano hadi saba mpaka kidonda kigande, ndipo uipande.

Mizizi ikiwa imekwisha yote, acha kuhangaika na chini, okoa juu. Kata ncha yenye afya ya sentimita 10 hadi 15, yenye vifundo viwili au vitatu (pale majani yanapochomoza), ondoa majani ya chini, zamisha kifundo kimoja kwenye maji safi, badilisha maji kila siku tatu au nne. Pothosi na jamaa zake hutoa mizizi ndani ya wiki mbili hadi nne. Ikifika sentimita tano, ipande kwenye chungu cha sentimita 10. Kangaga na okidi haziokolewi kwa njia hii.

Safari pia ina lawama yake. Ndani ya lori lililofungwa, hasa lililobeba pia matunda yanayoiva, hujikusanya gesi ya ethilini, na mmea ulioivuta hudondosha maua na machipukizi siku chache baada ya kufika dukani. Mimea ya nchi za joto ikipitia baridi ya chini ya nyuzi 10 hupata madoa meusi yanayotokea baadaye. Ndiyo sababu tunashauri ununue wenye machipukizi mengi na maua machache, uuvute kwenye kopo uione mizizi, na usivutiwe na ule uliopunguzwa bei kwa kuwa umenyauka, isipokuwa umegusa udongo ukaukuta mkavu. Spathiphyllum yenye kiu husimama tena saa chache baada ya kunywa. Ile iliyonyauka ikiwa imelowa, muachie muuzaji.

Wauzaji wenzetu tunawaomba kibandiko chenye mambo matatu: mmea ulikulia kwenye kivuli cha kiasi gani, udongo wake ni wa nini, na mbolea ya mwisho uliipata lini. Kwako Mhariri, ombi letu ni dogo zaidi: makala ya bustani itakapokuja mezani na ile sentensi ndani yake, ifutwe. Kama ni lazima siku zitajwe, zitajwe siku za kukagua udongo.

Ni sisi,
Waoteshaji wa mimea ya vyunguni